Neno Nililomwandikia Mjane

Neno lenyewe ni relict. Maana yake ni mwanamke aliyefiwa na mumewe. Nililikuta katika kamusi kuukuu isiyo na jalada niliyonunua sokoni Voi. Kando yake palielezwa kwamba ni neno rasmi, la nadra, la kwenye hati za zamani na mawe ya makaburi. Maelezo hayo yalipaswa kunionya. Mimi yalinipendeza.

Niliacha shule kidato cha pili. Kiingereza nilijifundisha mwenyewe, na mpaka leo nikituma ujumbe wa mistari miwili nausoma mara tano, kisha nashinda nikiogopa kwamba nimekosea. Watu wa kwetu, mlimani Sagalla, hawalijui hilo. Wananiita mwalimu, na mtu akifiwa, mimi ndiye ninayeandika wasifu wa marehemu wa kusomwa kaburini.

Jirani yetu alipofariki, mkewe alinijia. Walikuwa wameishi pamoja miaka kumi na moja bila harusi ya kanisani wala cheti, na ndugu wa mume walishaanza kusema kwamba alikuwa mgeni tu pale nyumbani. Kwetu, jambo likisomwa kaburini na asitokee wa kulipinga, limekwisha. Alilitegemea hilo.

"Mwanangu, andika kwamba mimi ni mke wake," alisema. "Mengine weka unavyotaka."

Ndugu walitaka Kiingereza kwa ajili ya wageni wa Nairobi. Ningeandika wife, au widow, maneno ambayo hata mtoto wa shule ya msingi anayajua. Niliyaona ni ya kila mtu. Nikaandika relict, nikalikagua herufi kwa herufi, nikaridhika. Kaka mkubwa wa marehemu alipitia karatasi, akaitikia kwa kichwa, hakuuliza kitu. Siku ya mazishi alilisoma haraka haraka kama mtu anayeruka tope, na watu wakaendelea kutazama jeneza.

Wiki chache baadaye mama yule alikwenda kwa chifu kuomba barua ya kumtambua, asije akafukuzwa shambani. Kaka naye akafika, akaiweka ile karatasi mezani.

"Chifu, mke ameandikwa wapi hapa?"

Nikaitwa. Nilikwenda na kamusi, nimetia kijiti cha kiberiti kwenye ukurasa. Chifu alisoma, akaifunga taratibu.

"Neno liko sawa. Lakini kamusi haikuwa kaburini. Ungeandika mke, huyu angepinga mbele ya watu, au angenyamaza na yangekwisha. Sasa tutasema watu walikubali nini, na hakuna aliyeelewa? Mimi niandike nini?"

"Mwalimu," kaka aliniambia, karibu kwa upole, "si ulijua widow?"

"Nilijua."

"Mbona hukuliweka?"

Nilitamani kusema nilitaka kumpa mama heshima. Nusu yake ingekuwa kweli. Nusu ya pili ni kwamba nilitaka wageni wa Nairobi wajiulize nani ameandika. Nikasema sijui. Mama, tuliyekaa naye benchi moja, alinitazama kidogo, akarudisha macho kwa chifu.

Chifu aliamua ukoo ukae kikao kwanza, na waje mashahidi waliolielewa lile neno siku ile. Nilizunguka mlimani nyumba kwa nyumba nikiwatafuta. Mwalimu mstaafu, mwalimu wa kweli, alicheka.

"Nililisikia. Nikadhani umekosea, nikakusitiri."

Wengine hata hawakukumbuka kwamba kulikuwa na neno.

Ukoo haujakaa mpaka leo. Juzi nilimkuta mama akingoja zamu yake ya maji. Aliniambia barua yake ya kwenda kwa wazee iko tayari. Ameandikiwa na fundi wa nguo wa pale kituo cha matatu, kwa Kiswahili. Nilimwomba niipitie, niangalie makosa tu.

"Iko sawa," alisema, akaifunga kwenye pindo la leso yake, akausogeza mtungi mbele.