Wifi Yangu Alipochagua Kufungiwa

Mwaka ule korona ilipoingia Daegu, mji wetu huku Korea Kusini, wifi yangu Geum-ok alikuwa na miaka sitini na moja, presha ya kupanda, na kazi ya kuwahudumia wazee kumi na tisa katika nyumba ya kutunzia wazee iliyoko ghorofa ya tatu, juu ya duka la miwani. Ni mke wa kaka yangu Deok-su, dereva wa teksi. Wanaishi na mama yetu, ambaye wakati huo alikuwa na miaka themanini na sita, na mapafu yake yalikuwa mabovu tangu augue kifua kikuu akiwa msichana. Nyumba yao ina vyumba viwili na choo kimoja.

Jumatano moja mwanzoni mwa Machi, mpishi wa pale kazini alipatikana na virusi. Asubuhi hiyohiyo watu wa wilaya wakaleta amri: wazee hawatoki. Watumishi wanane waliobaki wachague, ama wakajitenge makwao siku kumi na nne, ama wafungiwe na wazee siku hizohizo. Jibu lilitakiwa kabla ya saa sita mchana.

Watano walikwenda makwao, na wifi hajawahi kuwasema vibaya. Mmoja wao alikuwa ananyonyesha.

Simu ya wifi ilinikuta pale kwao, nimepeleka figili. Kaka akaiweka sauti ya juu ili Mama asikie.

"Rudi nyumbani, Mama Yeon-ju," kaka akasema. "Utakaa chumbani, chakula nitakuwekea mlangoni."

"Na choo? Utaniwekea mlangoni vilevile? Mama anakwenda chooni mara ngapi kwa siku, unajua?"

Kaka akanitazama. Kwangu kulikuwa na mjukuu wa miezi mitatu. Niliinama kupanga figili zangu, na mpaka leo nalikumbuka hilo. Wifi ni kama alituona.

"Usimtazame dada yako. Kule kuna kichanga."

"Na presha yako je?"

"Nimeifikiria. Juzi nilikula meza moja na mpishi. Kama virusi ninavyo, basi ninavyo. Nikija huko nawaletea ninyi msio navyo. Nikibaki, niko na watu waliokula mkononi mwa mpishi yuleyule. Dawa zangu za mwezi mzima ziko hapa kabatini."

"Hao si mama zako," kaka akasema.

Hapo Mama akanyoosha mkono, akapewa simu. Miaka thelathini na minne wawili hawa walikuwa wamegombana juu ya chumvi ya kimchi, ile kabichi yetu ya kuchachusha, ukunjaji wa mablanketi, na kila kitu kingine cha nyumbani. Nilijua sasa moto utawaka.

"Wewe," Mama akasema, "barakoa unaivaa sawasawa, au unaacha pua nje kama kawaida yako?"

"Naivaa sawasawa, Mama."

"Basi kaa hukohuko. Huyu mumeo nitampikia mimi. Na usife. Sina nguvu ya kumzoea mkamwana mwingine."

Wifi akacheka.

Wakabaki watatu kwa wazee kumi na tisa. Siku ya pili wazee wawili walipata homa. Kabla hajaja mtu wa kuwaelekeza, wifi alibandika utepe mwekundu sakafuni, wenye homa upande wa mashariki, wazima magharibi, akasema atakayevuka kwenda kwa wagonjwa asirudi. Wenzake wawili walikuwa na watoto wa shule. "Mimi ya nyumbani nimeshayapima," akawaambia, akavuka yeye.

Alibadilisha nepi, akageuza migongo, akalisha uji akiwa ndani ya lile vazi jeupe la kujikinga, jasho likimjaa viatuni. Bibi Tak, mwenye miaka tisini na miwili, alipoona ile miwani mikubwa alidhani ni mzamiaji, akamuuliza leo amepata chaza wangapi.

"Bahari imechafuka leo, Bibi," wifi akamjibu. "Kula uji kwanza."

Akala bakuli zima.

Wazee watano waliugua na kupelekwa hospitali. Wawili hawakurudi, na wifi akitaja majina yao husimamisha kazi anayoifanya. Kumi na wanne hawakuambukizwa kabisa. Yeye mwenyewe alishikwa na homa siku ya kumi na moja. Alilazwa wiki tatu katika kituo cha wagonjwa wa korona, akipimwa kila mara, mpaka vipimo viwili vikaonyesha amepona.

Siku aliyorudi, maua ya micheri yalikuwa yameshapukutika. Kichochoroni kwao madirisha mawili matatu yalifungwa alipopita, na jirani mmoja akamvuta mwanawe ndani. Wifi aliinamisha kichwa. Ndipo Mama akatoka getini, amevaa nguo zake za sikukuu, amejishika ukutani kwa sababu pumzi hazimtoshi.

"Huyu ni mkamwana wangu," akasema, kwa sauti iliyofika mwisho wa kichochoro. "Amepona. Kuna wazee kumi na wanne hawakuugua, na mimi wa kumi na tano. Anayemwogopa afunge dirisha vizuri, sisi tunapita."

Akamshika mkono, wakaingia. Mezani kulikuwa na supu ya nyama ya ng'ombe aliyoipika Mama, na ilikuwa na chumvi nyingi mno. Wifi aliimaliza yote.

Baadaye nilimuuliza kama hakuogopa. Alisema aliogopa kila asubuhi alipoweka kipimajoto kwapani. Angekuwa nyumbani, akasema, angeogopa maradufu, kila akimsikia Mama anakohoa. Kisha akaniomba nimsaidie kutafuta viatu vyake vya kazi, maana Jumatatu alikuwa anarudi.