Fuwele za Mi-ran Zilizogeuka Rangi

Mi-ran Bae alikuwa haamini mtu, wala si kumsengenya. Hata chupa yake ya kimchi, kabichi ya pilipili iliyochachushwa, kwenye friji ya maabara aliizungushia utepe, akautia sahihi. Alikuwa hivyo tangu akifundisha sekondari pale Andong, Korea, na aliporudi chuoni kutafuta uzamivu, tabia yake alikuja nayo.

Majira ya baridi, baada ya kuhangaika weee, aliweza kuipachika atomu ya nikeli katikati ya pete ya kaboni na nitrojeni aliyoiunda mwenyewe. Akaiacha dirishani ndani ya bika, kikombe cha kioo cha maabara, chini ya foili yenye matundu, fuwele ziote taratibu. Zikaota, rangi ya chungwa. Zikishapigwa eksirei umbo lake lijulikane, shahada iko mkononi.

Jumatatu akazikuta zambarau.

"Nani kagusa bika yangu?"

Humo alikuwamo Yeong-ho Tak tu, kijana wa meza ya pili, naye fuwele zake zilikuwa zambarau. Basi! Ushahidi gani tena?

"Dada, zako nizifanyie nini? Supu?"

"Cheka tu. Umeiba zangu ukaniwekea takataka zako."

"Dada Mi-ran, si mimi niliyekubebea mitungi ya gesi ulipoumwa mgongo?"

"Ndipo ulipoanza kuchungulia!"

Akaenda moja kwa moja kwa profesa wao. Yeong-ho akanyang'anywa ufunguo wa maabara mpaka ukweli ujulikane, na Mi-ran akazipeleka fuwele kwenye eksirei kwa mkono wake, asimpe mtu hata kuzishika.

Picha ikatokea kwenye skrini. Pete ilikuwa yake, pembe kwa pembe; hakuna mwingine aliyewahi kuiunda. Nikeli ilikaa katikati, ila juu yake na chini yake yalikuwa yameshika maji. Hayo ndiyo yaliyogeuza rangi.

"Maji yametoka wapi?" profesa akauliza.

Mi-ran akanywea. Hita zilikuwa zikimkausha koo, akanunua chombo cha kupuliza mvuke, akakiweka dirishani, kando ya bika. Wiki nzima kilikuwa kikipuliza.

Umbo hilo lilitosha kwa shahada. Yeong-ho akarudishiwa ufunguo. Mi-ran akampelekea kimchi, chupa nzima, haina utepe.

"Nisamehe, mdogo wangu."

Yeong-ho akaipokea kwa mikono miwili, kwa adabu zote, akainamisha kichwa.

"Asante, Bi. Bae," akasema, "dada" hakulitamka tena, akarudi mezani kwake.