Moto Chini ya Upenu

Mwanangu wa kike alifariki asubuhi moja ya masika, nyumbani kwa mumewe hapa Ifakara, katika chumba chenye kiyoyozi. Miaka ile ya tisini mashine hizo mjini kwetu zilikuwa za kuhesabika. Mkwe wangu alikuwa msimamizi wa kiwanda cha mbao, akanunua moja mkewe alipoanza kuugua, maana joto la bondeni lilimkaba pumzi.

Kaka yake, mwanangu wa pekee wa kiume, alikuwa ng'ambo ya mto, shambani Lupiro. Mto ulikuwa umefurika na pantoni haivushi. Tulimpelekea habari kwa simu ya upepo ya misheni, akajibu yuko njiani, dada yake asizikwe bila yeye. Kwetu kaka wa tumbo moja ndiye anayetupa udongo wa kwanza. Wazee walitaka tuzike jioni ile ile. Nikakataa. Wakaniuliza nitamweka wapi na joto hili. Chumba cha maiti sikukitaka, sikutaka alale mahali pasipo watu wa kumwimbia. Nikasema atalala chumbani kwake, kuna ubaridi. Wakanipa mpaka kesho yake mchana, lakini wakaniambia wazi kwamba akianza kuharibika wanachimba.

Tukamwosha, tukamlaza. Haikufika alasiri, ubaridi ukaisha. Mashine ilinguruma na upepo ulitoka, ila wa uvuguvugu, na maji yakaanza kudondoka ukutani karibu na kichwa chake. Nikatega sufuria.

Mimi na mkwe wangu hatukuwahi kukaa chumba kimoja. Kwetu mama mkwe na mkwe wanapishana. Akiwa na neno na mimi alimtuma mkewe. Sasa wa kutumwa ndiye huyo amelala. Nikasimama mlangoni, nikageuza uso pembeni, nikamwambia mwenyewe:

"Baba, njoo. Mashine yako inamharibu mwanangu."

Akaja, macho yamevimba. Alitazama rimoti kwanza, ikawa sawa. Akafunua kifuniko, akachomoa filta, nyeusi kwa vumbi. Alisema zamani alikuwa anaiosha kila Jumamosi, tangu mke azidiwe hakuikumbuka tena. Akaenda kuiosha bombani mbele ya watu. Wifi yangu, shangazi wa marehemu, aliyekuwa anasimamia mapishi, akasema kwa sauti ya kusikika kwamba mke hajazikwa, mwenzenu anafua mashine. Wanawake wakacheka chinichini. Msiba nao una vicheko vyake. Mkwe akarudi na filta yake.

Yale maji yalitokana na mpira wa kuyatoa nje, nyigu walikuwa wameuziba kwa udongo. Akauzibua kwa waya, nikaondoa sufuria. Ubaridi haukurudi. Akaniomba nipunguze watu chumbani na mlango ukae umefungwa. Nikawatoa, wakabaki waimbaji wachache. Bado. Akatazama taa, akasema umeme haujapungua. Nilikuwa nimeanza kusikia harufu, au niliogopa mpaka nikaisikia.

Tukazunguka nyuma ya nyumba, yeye mbele, mimi kwa mbali. Wanawake walikuwa wamekimbia mvua, wakapanga mafiga chini ya upenu, vyungu vya wali na maharage vinachemka, moto unawaka chini kabisa ya kile kipande cha mashine kilichofungwa nje ukutani. Masizi yalikuwa yameshaupaka ukuta. Mkwe akanieleza, uso kautazamisha mgombani, kwamba kile cha nje kazi yake ni kutema joto la chumbani. Kikizungukwa na moto, kitalitema wapi?

Nikamwambia wifi ahamishe moto.

"Kwenye mvua, wifi? Watu wale mchele?"

"Basi wasile. Mwanangu anamngoja kaka yake."

Alinitazama. Kisha akainama, akachomoa kijinga kimoja baada ya kingine, akavizamisha kwenye dimbwi, mikono yake mwenyewe. Wengine wakabeba vyungu kwenda banda la kuku. Mkwe akamwagilia maji yale mabati membamba ya mashine, yaliyopangana kama meno ya kitana, masizi yakashuka meusi mpaka miguuni pake. Watu walikula jioni sana, wakanung'unika, nikawaacha wanung'unike.

Chumba kikapoa. Tukakaa humo na waimbaji, mkwe ukuta huu, mimi ukuta ule, hatutazamani.

Mwanangu wa kiume alifika kesho yake asubuhi. Alivuka kwa mtumbwi, suruali matope mpaka mapajani. Hakumsalimu mtu. Akapiga magoti, nikamfunua dada yake uso. Ulikuwa uso wake, haujabadilika. Akamwekea kiganja shavuni, akakiondoa haraka.

"Mama, mbona amekuwa wa baridi hivi?"

Ubaridi ule nilikuwa nimeupigania. Mkwe akachukua rimoti, akaizima mashine, na wazee wakaingia na jeneza.