Posta wa Mtaani Kwetu

Bi Winifred Ackroyd alipewa jina la Posta kwa sababu hakuwahi kumkataa mleta vifurushi. Nyumba zetu hapa Halifax, Uingereza, zimeshikana ukuta kwa ukuta, na wenyewe hushinda kazini. Basi kila mzigo uliokosa mpokeaji ulipelekwa kwa Bi Winnie, mjane aliyestaafu kutoka kiwanda cha mazulia, naye akauweka chini ya ngazi hadi jioni.

Vifurushi vya Kyle Sugden, kijana wa nyumba ya pili, vilinuka. Bi Winnie aliviwekea vifuko vya lavenda, akaendelea kuwakabidhi wageni wa Kyle kama alivyoagizwa. Polisi walipokuja, aliwakaribisha chai kwanza.

Kusaidia biashara ya dawa za kulevya ni kosa zito, na wakili wake alimwonya kwamba huenda akafungwa. Kwa hiyo siku ya hukumu mtaa mzima ulihamia mahakamani.

"Umekiri kwamba ulitambua ni bangi," alisema jaji, mama mwenye sauti ya upole. "Mbona hukumwambia kijana aache?"

"Ningemwambiaje, Mheshimiwa? Hatujazoeana kiasi hicho."

"Mmekuwa majirani tangu lini?"

"Tangu azaliwe."

Jaji aliinamia karatasi zake kwa muda, mabega yakimtikisika kidogo. Hatimaye alitamka kifungo, kisha akakiahirisha kwa sharti moja: Bi Winnie asipokee tena kifurushi cha mtu mwingine. Akipokea hata kimoja, atakwenda gerezani.

"Hata cha kasisi?"

"Hata cha kasisi, Bi Ackroyd."

Wiki iliyofuata mvua ilikuwa ikimwagika, na mleta vifurushi alisimama mlangoni akiwa amelowa chapachapa.

"Posta, niokoe. Kasisi hayupo."

Bi Winnie alificha mikono nyuma. "Siwezi, mwanangu. Jaji amenikataza."

"Ni birika tu, mama."

"Wote husema hivyo."

Alitazama kile kiboksi kikilowa, uso ukamsawijika kana kwamba ni mtoto aliyeachwa nje.

"Kiweke pale kando ya ukuta," alisema mwishowe. "Wewe ingia unywe chai."

Akachukua mwavuli wake, akaufungua, akausimamisha juu ya kiboksi pasipo kukigusa. Baada ya chai kasisi alirejea, akapewa birika lake na aliyelileta. Bi Winnie aliyaona hayo kupitia dirisha la jikoni, akaosha vikombe, akavifuta, akavitundika kwenye kulabu zake.