Maji Yaliyochelewa

Mama yangu mzazi alikuwa akiniamkia shikamoo. Nami, na meno yangu ya utoto, naitikia marahaba bila aibu, wageni wanacheka. Nilipewa jina la bibi, mama yake mama, aliyefariki kabla sijazaliwa, na kwetu Kiswere mtoto anayepewa jina la marehemu huwa somo wake, hupewa na heshima yake. Jirani alikuwa na mjukuu anayetambaa bado, mwenye jina la marehemu babu yake, na watu walimwomba radhi kabla ya kumsogeza kwenye mkeka. Ni utani, tena mtamu. Watoto wengi hukua nao, wakaoa na kuolewa, yakaisha.

Nyumbani kwetu haukuwa utani. Alasiri mama akirudi shamba, alichota maji mtungini kwa kikombe cha bati, akapiga goti mbele yangu na kuninyooshea kwa mikono miwili. "Kunywa, mama." Nilikunywa mpaka chini, kiu iwepo isiwepo. Akipokea kikombe huuliza kwa sauti ndogo, "Umenisamehe?" Nami hujibu kama nilivyofunzwa, "Nimekusamehe, mwanangu." Hapo ndipo naruhusiwa kwenda kucheza. Kesho yake anauliza tena.

Habari yenyewe nilikuja kuambiwa na mama mdogo nilipokuwa mkubwa. Bibi aliugua kifua. Siku yake ya mwisho aliomba maji, mtungi ukakutwa mkavu, na mama, msichana wakati huo, akatumwa kisimani. Njiani alikuta ngoma ya harusi. Akatua ndoo, akatazama kidogo. Aliporudi na maji kichwani, uani pamejaa watu. Mtu akampokea ile ndoo, na maji yale yale ndiyo aliyooshewa maiti. Mama mdogo anasema dada yake hakulia. Aliingia jikoni kuwapikia waliokuja kuzika.

Nikasoma, nikawa mwalimu mjini Lindi. Bibi alifariki akiwa na miaka arobaini hivi, kwa hesabu za zamani za mvua na njaa, na mimi nilipoanza kuikaribia hiyo arobaini, kifua kikaanza. Kikohozi kikavu, kila alasiri. Nilikuwa nikikisikia kinatoka mdomoni mwangu katika chumba cha walimu, mwili unasisimka, kwa sababu hakikuwa changu. Bibi sikumsikia akikohoa hata siku moja, lakini nilikijua. Mama alinipigia simu kutoka Kiswere, "Mama, kifua kinaendeleaje?" wala sikuwa nimemwambia kama naumwa. Nikaacha kupanda miche ya mikorosho niliyokuwa nimeinunua. Nani angeokota korosho zake? Kanga zangu nzuri nikaanza kuzigawa. Niseme wazi kwamba nilikuwa nasubiri kufa, na niliogopa sana.

Hospitali wakapiga picha, wakapima makohozi, kifua safi. Daktari akaniambia nikamwone mama mmoja anayetibu kwa mazungumzo. Nilikasirika. Nimeleta kifua, naambiwa nikapige soga.

Mama huyo alikuwa mnene, mpole, hana haraka ya kusema. Chumba chake cha tiba, nyumbani kwake, kilikuwa na viti viwili na feni inayolalamika. Nilimsalimia, nikamuuliza habari za watoto, nikamwambia anaonekana amechoka. Safari ya pili nikampelekea vitumbua, na iliyofuata pia. Alisema asante, akaviweka pembeni, akaniuliza najisikiaje. Ikafika siku sahani hakuipokea.

"Leo nimeshiba," alisema. "Nataka tuone kinachotokea nikikaa hapa bila kuhudumiwa na wewe."

Kwetu kukataa chakula cha mtu ni kumtukana. Nilimwambia amesoma mpaka adabu imemtoka. Hakununa.

"Umekuja kutibiwa," alisema, "na tangu umefika unanilea mimi. Nani alikufundisha kazi hiyo?"

Ndipo nikamsimulia kikombe cha bati. Kisha akanieleza, kwa lugha ya kawaida, mambo ambayo baadaye niliyakuta vitabuni yakiwa yamevalishwa maneno mazito. Msiba usioliliwa hauishi, hutafuta mtu wa kukaa ndani yake. Mama hakuwahi kumzika mama yake, alimweka kwangu. Na tusichoweza kukikumbuka na kukililia, tunakirudia, mara nyingine kwa miili yetu. Bibi alikuwa anakufa tena, safari hii kupitia mimi.

"Hayo ni mambo ya Wazungu," nilimwambia.

"Huenda. Lakini maji unakunywa wewe."

Nikasusa. Wiki zikapita. Na katika wiki hizo hofu yangu ikahama, sikujiogopea tena mimi, nilimwogopea yule mama mnene. Niliamini kabisa kwamba nimemwacha na njaa na atakufa. Nikitoka shule nilizunguka mtaa wake kutazama kama limefungwa turubai la msiba. Mwanamke mzima, mwalimu, ninachungulia nyumba ya watu. Mwishowe nikaingia, mikono mitupu, na kumkuta mnene vile vile, anaigombeza feni yake. Nikaketi, nikacheka mpaka kicheko kikageuka kilio. Nilimwambia nilichokuwa nikikifanya mtaani kwake.

"Hukunilisha," alisema, "na sikufa."

Kwa kichwa nilikuwa najua siku nyingi kwamba sikumuua mtu. Mwili ndio ulikuwa haujaambiwa, na uliambiwa pale kitini. Ndivyo ninavyoielewa tiba hiyo mpaka leo. Mgonjwa huja na nyumba yake ya zamani, akampangia mganga chumba cha kulala humo humo. Mganga hukataa chumba hicho, lakini haondoki. Maelezo peke yake yasingenifaa kitu. Kikohozi kikapungua, ila hakikwisha.

Kwa sababu mama alikuwa bado yupo Kiswere na kikombe chake. Nikiacha kuwa mama yake, yeye atabaki na nani? Nilimuuliza yule mama niliyekuwa nikimpelekea vitumbua, akasema hajui. Siku hiyo nilimchukia.

Nilikwenda Kiswere shule zilipofungwa. Mama sasa ni mzee, magoti yanamsumbua, lakini alasiri alichota maji na kuanza kupiga goti huku ameshika ukuta. "Kunywa, mama."

Niliishika mikono yake na kikombe ndani yake. "Sina kiu, mama."

"Kunywa hata kidogo."

"Mimi siyo bibi. Siwezi kukusamehe kwa niaba yake, sikuwepo. Mimi ni mwanao."

Kikohozi kikanipanda, na yeye akakisogeza kikombe mpaka kwenye midomo yangu. Nikageuza uso. Sijawahi kufanya jambo gumu kuliko hilo. Tulikaa hivyo, maji yanacheza kikombeni.

"Sasa nimpe nani?" aliuliza.

"Hakuna wa kumpa, mama. Alishaondoka."

"Hakuyasubiri?"

"Hakuyasubiri."

Akakiweka kikombe chini. Akaketi mkekani, akanyoosha miguu, akavuta kanga mpaka kichwani. Kilio kilichomtoka kilikuwa cha msichana, chembamba, kirefu, kile ambacho mtaa mzima ukikisikia unaacha ulichoshika. Jirani, yule mwenye mjukuu, alitokea mlangoni mikono imejaa unga.

"Kuna nini? Nani kafariki?"

Nilifungua mdomo, mama akaniwahi.

"Mama yangu."

Jirani alinitazama mimi, ambaye kwa miaka yote hiyo alinisikia nikiamkiwa shikamoo upande wa pili wa ukuta, nami nimekaa pale mzima, ninapumua. Kisha akapangusa unga, akavua kandambili zake mlangoni, akaketi karibu na mama na kumshika bega.

"Pole," alimwambia. "Pole sana, mwenzangu."