Sauti ya Mama Mkwe Nyuma ya Mkeka

Siku yangu ya kwanza kazini nilifika Ndalambo nimeshika viatu mkononi, maana vilikuwa vipya na njia ilikuwa tope tupu. Mwalimu Mkuu aliitazama miguu yangu, akacheka. "Vaa viatu, kijana," akaniambia. "Hapa watoto wanamsoma mwalimu kabla ya kitabu." Ilikuwa enzi ya Mwingereza, miaka michache baada ya vita vya pili. Nilifundisha watoto irabu na hesabu, nikajiona mwalimu kamili. Ninyi mnaofundisha leo, nawaambieni wazi kwamba ile haikuwa kazi. Kazi niliikuta Mbozi.

Huko nilihamishiwa shule moja ya misheni iliyozungukwa na mibuni, na huko ndiko nilikomwoa Rahabu, binti wa Kinyiha. Haukupita muda, Bwana Elimu, Mzungu aliyesimamia shule za wilaya, akaagiza lifunguliwe darasa la watu wazima saa za alasiri, watoto wakishaondoka na watu wakisharudi kutoka kwenye kahawa. Wangefanya mtihani wa darasa la nne, ule ule wa watoto, na cheti chao kingekuwa na thamani ile ile. Nilikabidhiwa darasa hilo pamoja na msaidizi, kijana Mndali kutoka Ikinga aitwaye Lazaro. Hakuwa hata na cheti cha ualimu. Alikuwa na kicheko tu, na kicheko chenyewe hakikuwa na breki.

Kumfundisha mtu mzima herufi si kazi ngumu. Ngumu ni kumfanya asome. Watu wangu walikikariri chote kitangulizi, yaani kitabu cha kwanza cha kusomea. Siku moja, Mzee Yohana akisoma kwa sauti, nilimfunulia kurasa mbili kwa mpigo. Aliendelea na ukurasa niliouruka bila kukosea neno. Na mtihani ulikuwa na sehemu ya ufahamu, ambapo mtahiniwa anapewa habari asiyowahi kuiona, anaisoma, kisha anaulizwa maswali. Pale watu wa kukariri wangezama wote. Nikawasihi, nikawagombeza, nikawaeleza habari za ukarani kwenye ushirika wa kahawa. Waliitikia, "Ndiyo, Mwalimu," wakaenda nyumbani, na kitabu kikapumzika hadi kipindi kijacho.

Ndipo akaja Mama Mkwe.

Mama mzazi wa Rahabu alikuwa mkunga. Nusu ya watoto wa kijiji kile walipokewa na mikono yake. Hospitali ya misheni ilikuwa inachukua wanawake wa kujifunza ukunga wa kisasa, lakini iliwataka wawe na cheti cha darasa la nne. Alikitaka cheti kile kuliko kitu chochote, akaja kujiandikisha kwangu, mume wa binti yake.

Vijana wa leo mnawakumbatia mama wakwe zenu hadharani. Siku zile, kwetu Wanamwanga na kwao Wanyiha pia, mkwe alikuwa mwiko. Tukikutana njiani, yeye anaingia majanini na kunipa mgongo, nami hivyo hivyo. Kusemeshana moja kwa moja hakuna, kupokezana kitu kwa mkono hakuna, kutajana jina ndiyo kabisa. Hata hapa jina lake siliandiki.

Nilimwendea Mwalimu Mkuu wa Mbozi nikitumaini atamkataa. Akaniuliza, "Amekuja kuposwa au kusoma?"

"Kusoma, bwana."

"Basi asome. Tafuta namna."

Namna niliyoipata ni mkeka. Nilitundika mkeka mkubwa ukagawa chumba: wanaume na mimi upande wa ubao, wanawake na Lazaro upande wa dirisha. Mkeka ule niliutundika kwa mikono yangu mwenyewe.

Lazaro hakufuata kitangulizi. Alikwenda zahanati ya misheni akaomba kijitabu cha mama na mtoto mchanga, akampa Mama Mkwe. Ilikuwa habari ya kazi yake mwenyewe, mambo aliyoyafanya maisha yote, na mengine aliyabishia. Asingeweza kuyakariri, maana kila sentensi alitaka kugombana nayo. Alisoma silabi kwa silabi, anasimama, anaguna, anarudia. Lazaro anacheka, wanawake wanacheka. Mimi upande wangu nimeshika chaki, nasikiliza.

Siku moja sauti yake ikatoka wazi nyuma ya mkeka: "Mtoto... mchanga... asipewe togwa."

Mzee Yohana, ambaye kwao kila mtoto hunyweshwa uji huo wa kimea, akaacha kuandika. "Asipewe togwa? Nani kasema?"

"Imeandikwa, baba," Lazaro akajibu kutoka upande wa pili.

"Imeandikwa wapi?"

"Njoo usome mwenyewe."

Mzee Yohana alinitazama, nami nikatazama ubao. Kesho yake alikiomba kijitabu kile, akakaa nacho siku kadhaa, akarudi amenuna kwa sababu togwa kweli ilikuwa imeandikwa. Baada yake akakitaka mwingine. Wanaume wazima, wenye wake na mashamba, waliingiwa na wivu kwamba mwanamke anajua jambo lililo kitabuni nao hawalijui. Wakaanza kusoma chochote walichopata, tangazo la Bwana Shamba kuhusu magonjwa ya kahawa, hata maandishi ya kwenye magunia. Ninyi mnaouliza mtu mzima anahamasishwaje kusoma, jibu langu ndilo hilo. Mpe habari inayomhusu, kisha aliye karibu naye amtangulie kidogo. Lakini jibu hilo si langu. Ni la Lazaro, na hadi leo linanikereketa kooni.

Maana wivu uliowafanya wao wasome, mimi ulinifanya nishindwe kula. Nilikuwa na cheti cha ualimu. Nilikuwa na miaka yangu ya ubao. Mwanafunzi bora aliyepata kuingia darasani mwangu alikuwa mama wa mke wangu, na kila neno alilolipata alipewa na mvulana wa Ikinga. Nikifika nyumbani Rahabu ananisimulia, "Mama anasema Lazaro ana subira." Nikamwambia kwamba mimi pia nina subira. Akacheka, nikaacha chakula.

Siku ya mtihani mkeka ulishushwa, akaja Mkaguzi, mtu wa pwani, kanzu safi na miwani. Imla, yaani kuandika unachosomewa, ilipita salama, Mama Mkwe akiwa ameketi nyuma kabisa amenipa mgongo. Ufahamu nao ukapita. Kisha ikaja kusoma kwa sauti, na Mkaguzi akaniagiza niite majina ya watahiniwa, mmoja mmoja. Niliita vizuri mpaka nikalifikia jina lake.

Mdomo ulifunguka, sauti haikutoka.

"Una kigugumizi, Mwalimu?" Mkaguzi akauliza.

"Hapana, bwana. Huyu... yupo, bwana."

"Kama yupo, mwite."

Nyuma kule Mama Mkwe hakugeuka, na kuitikia bila kuitwa asingeweza mbele ya mgeni yule.

"Basi hayupo," Mkaguzi akasema, akashika kalamu alikate jina.

Lazaro akaliita kutoka mlangoni. Aliliita jina lote, pamoja na la ubatizo, kwa ile sauti yake isiyojua aibu. Mama Mkwe akainuka, akapita mbali nami, akapiga magoti, akamsalimu Mkaguzi kwa kupiga makofi, desturi ya kwao, akapewa habari ya mzinga wa nyuki. Aliisoma kama mtu anayekusimulia ya nyumbani kwake. Mkaguzi akavua miwani.

"Mama, nani amekufundisha?"

"Mwalimu Lazaro," akasema.

Nilijua asingeweza kulitaja jina langu. Nilijua vizuri kabisa, na bado nilitamani ajaribu.

Alifaulu, akaenda hospitali, akarudi na gauni jeupe. Mkaguzi aliniuliza kama Lazaro anafaa kusimamia madarasa ya watu wazima kule Tunduma. Nilisema anafaa, maana ndivyo ilivyokuwa, nikashinda siku ile nimevimba. Yeye akapanda lori la Tunduma, mimi nikahamishiwa Mbangala. Niliendelea na watu wazima mpaka nilipostaafu, na kote nilikopita nilitumia mbinu ya Lazaro. Waliofaulu kwangu ni wengi. Kila aliponishukuru mmoja wao, nilimkumbuka yule kijana, nikakunja uso.

Baada ya kustaafu tulirudi Mbozi. Mama Mkwe alikuwa ajuza, macho yameingia ukungu. Kwa mila yetu, mkwe akishakuwa mkongwe anaweza kuuvunja mwiko mwenyewe. Asubuhi moja Rahabu akaniambia, "Mama anakuita." Nilimkuta uani, kuku ameshachinjwa kwa ajili yangu. Akaninyooshea mkono, na mkononi kijitabu kile cha zahanati, kimechakaa, kimeshonwa kwa uzi. Nikakipokea kutoka mikononi mwake. Akanisemesha kwa mara ya kwanza tangu nimwoe binti yake.

"Nisomee, baba. Macho yamekwisha."

Nilikaa vizuri, nikakohoa, nikasoma kwa sauti yangu bora, sauti iliyokuwa imemngojea miaka yote ile. Sikufika mbali. Aliinua mkono.

"Polepole, baba. Lazaro hakuwa na haraka hivyo."

Nikarudi mwanzo wa ukurasa, nikamsomea polepole.