Nguo Nyekundu kwenye Udongo wa Newala

Siku yangu ya kwanza kazini nilikabidhiwa ufunguo wa kabati, pasi ya mkaa na gunia la njuga. Hiyo ndiyo iliyokuwa stoo ya mavazi ya kikundi cha sanaa cha wilaya, pale Masasi. Afisa Utamaduni, tuliyemwita Bwana Utamaduni, aliniambia, "Mama Salome, mchezaji akikosea hatua watu watasahau. Akitoka na nguo iliyochanika, watamcheka mpaka msimu ujao wa korosho." Kwa miaka mingi nilishona, nikafua, nikanyoosha. Nilipohamishiwa Newala niliendelea na yaleyale, ila kwa maji ya kuhesabia kata, maana kule maji yalikuwa ya shida.

Kisha ikaja enzi ya ruksa. Maduka ya Masasi yakajaa vitenge na marobota ya mitumba, na watu wakaanza kununua televisheni na deki za video. Kikundi chetu kikakosa fungu serikalini, nikadhani kazi yangu imekwisha. Hapo ndipo alipokuja Mwongozaji, kijana wa Mwanza aliyeacha kufundisha Kiingereza ili atengeneze filamu. Alikuwa na tamthilia ya kale ya Waingereza, ya mfalme aliyewagawia binti zake nchi angali hai. Akataka kuihamishia kwetu: mfalme awe mkulima wa korosho, na nchi iwe mashamba yake.

"Sitaki kila kitu kielezwe kwa mdomo," aliniambia. "Nataka rangi iseme. Mzee aanze na nyekundu. Kila akigawa shamba, nyekundu ihamie kwa mabinti wakubwa wanaomsifu kwa uongo. Yeye abaki na kijivu. Binti mdogo, anayefukuzwa kwa kutojua kusifu, avae kijani."

Kwenye ngoma sisi tulijali sare tu. Mambo haya ya rangi kuhama kutoka mtu hadi mtu yalikuwa mageni kwangu, nami niliyapenda mno. Nikashona shati na msuli, vyote vyekundu.

Aliyeigiza mzee huyo alikuwa Mzee Likanda, mkulima wa korosho kwelikweli, aliyechaguliwa kwa sauti yake nzito. Siku ya kujaribu rangi tulimsimamisha shambani kwake, mahali palipofagiwa tayari kwa kuokota korosho. Sisi tukainamia monita, yaani televisheni ndogo inayoonyesha kile kinachoonwa na kamera.

"Mzee yuko wapi?" Mwongozaji akauliza.

"Si niko hapa!" Mzee akajibu.

Kwenye monita kulikuwa na kichwa na viganja viwili, basi. Nguo yote ilikuwa imemezwa na wekundu wa udongo. Watu walicheka wakashika mbavu, lakini Mwongozaji hakucheka. Kamera ilikuwa ya kuazima, na siku zake zilikuwa zinayoyoma. "Tumekwisha, Mama Salome," alisema. "Afadhali niirudishe kamera ya watu." Filamu ile ikifa, nami ningerudi nyumbani na sindano yangu.

Mzee Likanda akasogea, mkanda ukarudishwa nyuma, akajitazama kwenye monita.

"Mwanangu, huyu mtu ameshagawa mashamba yake?"

"Bado, Mzee. Hapo ndiyo kwanza tajiri."

"Basi mmewahi mno kunizika!"

Mimi na Mwongozaji tukatazamana, kisha tukaanza kusema kwa pamoja, kila mmoja akimkatiza mwenziwe. Nyekundu iwe ya mwisho! Mzee aanze na njano ya bibo, tunda la mkorosho, lililoiva, mabinti waondoke na njano hiyo, naye aishie kwenye rangi ya udongo aliougawa. Kesho yake niliwahi basi la Masasi kutafuta kitambaa cha njano, na cherehani yangu haikupumzika.

Kulibaki jambo moja. Katika tamthilia ile binti mdogo hufa. Mzee Likanda alikataa katakata. "Huko kwao afe. Hapa Newala binti atakuja, na baba yake atakula." Mwongozaji alicheka, akaandika mwisho upya.

Tulipoionyesha Newala, televisheni iliwekwa juu ya meza mbili zilizopandanishwa. Mzee alijilaza chini, akabaki uso na mikono tu. Kisha mbali kule barabarani, kwenye wekundu mtupu, kikatokea kitu kidogo cha kijani. Uso haujaonekana bado, wala kwenye filamu hakuna aliyemtaja, lakini akina mama walilipuka kwa vigelegele. Mwongozaji alinishika mkono akaubana mpaka ukauma.

Wiki iliyofuata muuza vitambaa mmoja Masasi alinilalamikia, "Mama Salome, umenifanya nini? Wasichana wote wanataka kijani cha yule binti, nami kimeniishia!"

Baadaye tulitengeneza filamu nyingine, mpaka macho yalipochoka kutunga uzi nikastaafu; sasa nyumbani nachora na kukata tu, wengine wanashona. Ninyi mnaoanza kazi hii leo, kabla hamjakata kitambaa nendeni mkasimame pale mtu wenu atakaposimama, mtazame chini.

Mwaka jana alikuja bibi harusi kutoka Tandahimba, kaongozana na mama yake. "Shikamoo, bibi. Nataka gauni la kijani."

"Marahaba. Kijani kipi, mjukuu wangu?"

Hakujua kueleza. Mama yake akaangalia pembeni, akatabasamu, akasema, "Kile kilichonipatia mimi mume."

Nilicheka mpaka chaki ikaniponyoka.